Manifodi ya Land Rover ya mzee: mara mbili nimepaka rangi ikabanduka, mara ya tatu ndo ikashika

Naandika hii kwa yeyote mwenye gari la zamani ambaye anafungua boneti anaiona manifodi ya eksozi (kile chuma chenye matawi kinachokusanya moshi kutoka kwenye injini kuupeleka bomba la eksozi) imekuwa nyekundu kwa kutu, anajiambia ntapiga brashi kidogo nipake rangi, kazi ya siku moja. Mi nilijiambia hivyo hivyo. Imenichukua miezi minne, makopo matano ya rangi na karibu laki tatu na nusu, na humo ndani laki na arobaini hivi ni makosa matupu ambayo kama mtu angenikalisha chini dakika kumi tu nisingeyafanya.

Gari ni Land Rover 109 Series III, injini ya petroli ile ya lita 2.25, ya marehemu baba. Alikuwa mtu wa mashamba ya mkonge, gari alilinunua shambani walipokuwa wanapunguza magari yao. Alipofariki 2017 gari likabaki chini ya mwembe hapa Tanga, sote tuko mbali, hakuna wa kuliwasha. Miaka sita. Sasa Tanga mnaijua, upepo wa bahari unakuja na chumvi yake, chuma kisichofunikwa hakidumu. Niliporudi nyumbani 2023 nikasema hili gari litembee tena, mama alitaka sana, kila akipita pale kwenye mwembe alikuwa anapangusa kioo kwa khanga.

Injini iliwaka, hilo lina habari zake. Lakini kila nikimbeba mama anashuka analalamika kichwa kinamuuma. "Mwanangu hili gari linanuka." Mi nikadhani ni petroli. Siku moja nikaangalia vizuri na tochi nikaona kwenye maungio ya manifodi na kichwa cha injini pana mstari mweusi wa masizi, yaani moshi unapenya pembeni ya gasketi, ile ya kuzibia katikati ya vyuma viwili, na kutokea pale unaingia ndani kupitia matundu ya sakafu ambayo kila mwenye Land Rover anayajua. Naomba hapa tusimame kidogo. Moshi wa petroli una gesi ya kaboni monoksidi, hiyo haina rangi wala harufu, ile harufu unayoisikia ni ya vitu vingine vilivyochanganyika nayo. Inaanza na kichwa, kizunguzungu, usingizi, halafu inaua. Kwahiyo ukiona mstari wa masizi pale usianze na rangi, anza na uvujaji. Mi nilianza na rangi.

Mara ya kwanza sikufungua hata nati moja. Nilinunua brashi ya waya na kopo la rangi ya fedha ya kupuliza, muuzaji ananiambia hii haiungui kaka, nikakwangua pale nilipofikia huku manifodi iko kwenye injini, nikapuliza. Ikapendeza kweli. Nikapiga picha nikawatumia wadogo zangu. Siku ya nne ilianza kutoa mapovu, wiki ya pili ikawa inadondoka vipande kama magamba ya samaki, na harufu ya rangi inayoungua ndo ikazidi mle ndani. Baadae nilisoma kopo kwa makini, limeandikwa kuhimili joto, lakini nyuma kwa maandishi madogo kikomo ni nyuzi 200 za Selsiasi. Manifodi ya injini ya petroli ikipanda mlima na mzigo inapita 500 kirahisi, zikiteswa sana zinawaka nyekundu kabisa gizani. Kwahiyo usisome jina la rangi, soma namba, na namba iwe 650 au zaidi.

Mara ya pili nikasema sasa nafanya kazi ya kiume, naitoa. Hapa ndo nilipofanya kosa la gharama kubwa. Stadi, vile vijiti vya chuma vya kufungia nati, zinazoshika manifodi kwenye kichwa cha injini zimekaa pale miaka zaidi ya arobaini, zimepata moto na kupoa maelfu ya mara, na mi nikaja na spana na bomba refu la kuongezea nguvu. Nati tatu zilitoka, ya nne ikazunguka laini sana, nikajua hapohapo, stadi imekatikia ndani ya kichwa. Nilikaa chini kwenye vumbi. Nilijisikia kama nimemvunjia baba kitu chake akiwa haangalii.

Kuna mzee fundi wa zamani wa magari ya shambani, alifanya kazi na baba, nikamfuata kwake. Shikamoo mzee, marahaba, akasikiliza mpaka mwisho ndo akaniuliza, "Ulizipasha moto?" Sikuzipasha. "Ulizikaza kwanza?" Nikashangaa, nizikaze tena wakati nataka kuzifungua? Akanieleza na mi nawaeleza hivyo hivyo: mwagia mafuta ya kulainishia siku tatu mfululizo, jioni na asubuhi, washa injini ipate moto kidogo halafu izime, mwagia tena ikiwa vuguvugu sio ya moto sana maana yale mafuta yanashika moto, na siku ya kufungua kaza kidogo sana upande wa kukazia mpaka usikie imeachia, ndo urudi kinyume, robo mzunguko, rudi, robo tena. Ikigoma usiongeze bomba, ongeza joto. Stadi iliyokatika alikuja kuitoa mwenyewe na fundi wa kuchomelea, wakachomelea nati mpya juu ya kile kipande kilichobaki, ule moto wa kuchomelea wenyewe ndo ulioilegeza. Elfu arobaini. Kwa spana na subira ingekuwa bure.

Manifodi ikawa mezani, na mi bado nina haraka. Mtu akaniambia tumia asidi, ile kali ya kusafishia vigae vya choo, kutu inakimbia. Nikaiweka kwenye beseni la plastiki ndani ya stoo, nikaimwagia, kweli ndani ya saa moja kutu yote imetoka chuma kimekuwa cha kijivu safi. Nikasuuza na maji ya bomba nikaiacha usiku kwenye stoo ikauke.

Asubuhi ilikuwa ya rangi ya machungwa yote, kutu mpya laini kama unga. Na sio hiyo tu, spana zangu, bisibisi, msumeno, hata zile zilizokuwa ukutani mbali na beseni, zote zimeshika kutu kwa mvuke wa ile asidi. Seti ya spana ya baba ilikuwemo. Nimeisafisha wiki nzima na haijarudi ilivyokuwa.

Sasa kwanini kutu ilirudi haraka hivyo, hili nimelielewa baadae na ndo kiini cha yote. Manifodi hizi ni chuma cha kasti, chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kina kaboni nyingi, asilimia 2 mpaka 4, na ile kaboni imekaa ndani kama vijani vidogo vidogo vya grafaiti. Uso wake sio laini kama bati, una vinyweleo. Asidi inaingia humo, maji yanaingia humo, oili ya injini ya miaka arobaini imeshaingia humo. Ukiangalia juu unaona pasafi, ndani pana uchafu unaosubiri joto. Siku ukiwasha injini vile vitu vinachemka na kutafuta njia ya kutoka, na njia ni kupitia rangi yako.

Lakini wakati huo sikujua. Nikapaka dawa ya kugeuza kutu, ile inayofanya kutu iwe nyeusi, elfu kumi na nane, juu yake nikapuliza makopo mawili ya rangi safari hii ya namba kubwa. Nikafunga na gasketi mpya. Nilienda Pangani na kurudi, nikafungua boneti, rangi imetoka kama ganda la yai, vipande vikubwa, na ile dawa nyeusi imetoka pamoja nayo, imebaki kutu. Dawa zile kwa geti au chesisi ni nzuri sana sizisemi vibaya, ila nyingi haziwezi moto wa eksozi, zinaungua, na kilichoshika juu yake kinadondoka nazo. Rangi ya joto kali inataka chuma kitupu. Siku ile nilitaka kuacha kabisa, nikafikiria ninunue manifodi nyingine.

Nikapanda basi kwenda Dar, Kariakoo pale Gerezani kwenye maduka ya spea. Nikapata moja imepakwa rangi ya fedha inang'aa, jamaa anataka laki mbili na nusu. Bahati nzuri yule mzee alikuwa amenipa somo kabla sijaondoka: nenda na chupa ndogo ya mafuta ya taa na kipande cha chaki. Unakwangua rangi sehemu zenye mashaka, kwenye kona na karibu na matundu ya bolti, unapaka mafuta ya taa, unasubiri kidogo, unapangusa pakauke kabisa, halafu unasugua chaki. Kama pana ufa mafuta yaliyojificha humo yanapanda yanalowesha chaki na unaona mstari. Jamaa hakufurahi ila aliniruhusu. Mstari ulitokea, mrefu kama kidole, katikati ya matawi mawili. Kasti ikipasuka sio kama bomba la kawaida ukachomelea tu, inataka kupashwa moto yote kwanza, vijiti vya nikeli, halafu ipoe polepole ndani ya majivu au mchanga mkavu, na hata hivyo sio kila fundi anaiweza. Nikaiacha. Niliporudi Tanga kitu cha kwanza nikaipima ya kwetu kwa njia ile ile, kona zote. Nzima. Baba alikuwa na sheria moja tulikuwa tunaiona ya ajabu, hakuna kuosha injini ikiwa ya moto, mpaka ipoe unaweza kuishika. Sasa naijua sababu yake, maji baridi kwenye kasti ya moto ndo ufa wenyewe huo.

Hata kuigonga usiigonge na nyundo jamani, kasti ni ngumu lakini haina mnyumbuko, inapasuka kama chungu.

Kule Dar nilinunua makopo mawili ya rangi ya manifodi yenyewe, elfu arobaini na tano kila moja. Yaliniuma. Lakini nikawa nimeamua safari hii sina haraka, kila hatua nitaipa siku yake.

Kutu niliitoa kwa umeme. Inaonekana kama uchawi lakini ni rahisi na haili chuma chako. Unahitaji beseni kubwa la plastiki, maji, chaja ya betri ya volti 12 ya zamani (hizi mpya za kujizima zenyewe zinakataa kwasababu hazioni betri), nondo kuukuu tatu nne, na soda ashi. Soda ashi nenda duka la kemikali za kutengenezea sabuni, wanakupimia kwa kilo, elfu nne nilipata ya kutosha na kubaki. Kijiko kikubwa kimoja kwa lita tano za maji. Usitumie chumvi kabisa, ukitumia chumvi inatoa gesi ya klorini. Magadi ya kupikia nayo niliyaacha, huwa na chumvi ndani. Nondo zizunguke kandokando ya beseni bila kugusa manifodi, zote ziungwe pamoja kwenye chanya, na manifodi kwenye HASI. Naandika kwa herufi kubwa kwasababu ukigeuza utaila manifodi yako badala ya nondo. Usitumie chuma cha pua badala ya nondo, maji yake yanatoka na sumu ya kromiamu, wala usitumie bati la mabati. Fanyia nje kwenye hewa maana yale mapovu yanayopanda ni haidrojeni, inawaka, kwahiyo sigara na jiko mbali. Na zima chaja kabla hujatia mkono.

Niliiacha saa ishirini na nne, nikaigeuza, tena ishirini na nne. Inabidi kugeuza kwasababu inasafisha zaidi upande unaotazama nondo. Ilitoka nyeusi, imefunikwa kitu kama tope, brashi kidogo tu linaondoka. Zile kona ambazo brashi ya waya isingefika hata siku moja zilikuwa safi.

Kama mjini kwenu kuna mtu wa kupiga mchanga kwa kompresa hiyo pia ni njia nzuri, pengine nzuri zaidi kwa rangi kwasababu inaacha uso wenye mikwaruzo midogo ya kushika. Mi sikumpata karibu. Ila kama gari lako lina tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa eksozi, hakikisha hakuna hata punje ya mchanga inayobaki ndani ya manifodi maana inaenda moja kwa moja kwenye feni ya tabo.

Halafu ndo ile hatua niliyoikosa mara zote mbili. Nilisuuza na maji yaliyochemka, sio ya bomba, chuma kikipata moto kinajikausha chenyewe kabla kutu haijaanza. Na hapohapo nikaipeleka motoni. Nilikuwa nimekata pipa nusu, chini mkaa, katikati bamba la chuma ili majivu na masizi yasiruke, juu wavu wa manifodi, nikafunika. Rafiki yangu anayehudumia oveni za mikate aliniazima kipimajoto cha kulenga. Nikaipandisha mpaka nyuzi 200 hivi nikaishikilia hapo saa nzima. Ikaanza kutoa moshi, yaani manifodi iliyoonekana safi kabisa, ya kijivu, ilitoa moshi dakika arobaini, na ilipopoa ilikuwa na madoa ya kahawia ya oili iliyotoka ndani. Nilisimama nikaangalia yale madoa nikaelewa makopo yangu matatu yalienda wapi.

Nikapiga brashi ya waya ya kwenye grainda kuondoa yale madoa na kuupa uso ukwaruzo. Miwani jamani. Ile mara ya kwanza nilifanya bila miwani, waya mmoja ulichomoka ukanichoma shavuni sentimita mbili chini ya jicho, alama ninayo. Na kama kuna mabaki ya gasketi ya zamani usiyakwangue makavu wala kuyapiga grainda, gasketi nyingi za miaka ile zilitengenezwa na asbesto, vumbi lake linakaa kwenye mapafu. Lowesha, kwangua polepole ikiwa mbichi, vaa barakoa ya maana.

Baada ya hapo nikafuta na asetoni, wauza vifaa vya saluni wanayo, kitambaa cheupe, nikabadilisha mpaka kitambaa kinatoka cheupe. Kutoka hapo huigusi kwa mkono mtupu, jasho na mafuta ya vidole yanatosha kuharibu. Nyuso za maungio, zile zinazokaa kwenye gasketi, nikazifunika na selotepu ya karatasi, hazipakwi rangi. Ndani ya matundu pia hupaki.

Rangi nilipaka manifodi ikiwa vuguvugu, kama chuma cha kupigia pasi kilichoachwa muda, saa nne asubuhi siku ya jua, sio jioni unyevu ukishuka. Mkono mwepesi sana, dakika kumi, mwepesi tena, dakika kumi, wa tatu mzito kidogo. Ule wa kwanza usitake ufunike, chuma kionekane kwa chini, najua mkono unawasha kuongeza lakini rangi nene ndo inayobanduka.

Na haijakauka hiyo. Rangi hizi hazikomai kwa hewa, zinakomaa kwa moto, kabla ya hapo hata petroli tu ikiigusa inaitoa. Kopo langu liliandika nusu saa kwenye nyuzi 120, ipoe nusu saa, nusu saa kwenye 200, ipoe nusu saa, nusu saa kwenye 315. Nilifuata hivyo hivyo kwenye pipa langu, mkaa kidogo kidogo, kipimajoto mkononi, mke wangu ananiletea chai pale pale. Kama huna pipa unaweza kuifunga na kuikomaza kwa injini yenyewe, washa dakika chache zima ipoe, ongeza muda, ila usiende safari ndefu siku hiyo. Oveni ya jikoni usiitumie, ule moshi sio wa kuchanganya na chakula.

Kufunga. Stadi mpya, na nati za shaba kwenye bomba la chini, shaba haigandi kwenye stadi kama chuma. Grisi ya joto kali kwenye nyuzi za stadi na nati zote ili siku nyingine zifunguke. Kabla ya kufunga weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya nyuso za maungio uone kama imepinda, ikiwa imepinda gasketi mpya itaungua kama ile ya zamani, ipeleke kwa fundi wa leth, yule mwenye mashine ya kuchonga chuma, asawazishe. Na kwenye hizi Land Rover, manifodi ya kuingiza hewa na ya eksozi zimefungana zenyewe kwa zenyewe, usizikaze kwanza pale. Ziache legelege, funga zote kwenye kichwa cha injini, ndo urudi kukaza zile zinazoziunganisha. Mi mara ya pili nilizikaza mezani kwanza, na nina hakika ndo maana gasketi ile ya pili nayo nilipoifungua ilikuwa na masizi upande mmoja.

Siku ya kwanza kuwasha itatoa moshi kidogo na harufu, ni kawaida, fungua madirisha.

Hiyo ilikuwa mwezi wa kumi 2023. Vuli imepita, masika imepita, na mwezi wa sita nikampeleka mama Lushoto kwa dada yake. Kile kipande cha kutoka Mombo kupanda ndo mtihani wenyewe, kona baada ya kona, gia ya pili muda mrefu, injini inapata moto wa kweli. Mama alifunga dirisha kwasababu ya baridi na mi nikawa namwangalia kila dakika. Tulisimama Soni akanunua matunda, nikafungua boneti nikamulika na tochi, pembeni ya kila tundu, hakuna mstari mweusi, rangi ipo, imefifia kidogo tu kwenye tawi la katikati linalopata moto zaidi. Mama akaniuliza natafuta nini muda wote huo. Nikamuuliza kichwa kinauma? Akasema hakiumi, nifunge boneti twende giza linaingia. Asubuhi yake injini ikiwa imepoa nikapitisha spana nati zote, mbili zilikubali robo mzunguko.